Ziwani na Shemeji Revokatus

Swideni, majira ya majani kupukutika

Mdogo wangu mpendwa Koleta,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi ni mzima, ila mafua yamenikaba, na sababu yake utaisoma humu. Wewe na watoto mnaendeleaje huko Bisibo? Mguu wa baba mkwe wako umepona? Barua yako imefika. Nimesoma kwamba waliokimbia vita kule Missenyi wamefika hadi kijijini kwenu, na kwamba siku hizi mnalala na nguo za safari mwilini. Nimesoma pia swali lako: mbona mume wangu haandiki, anarudi au harudi? Niko naye chuo kimoja na chumba kimoja, kwa hiyo ni haki yako kuniuliza. Nitakujibu, ila univumilie nianzie ziwani.

Mwalimu wetu mmoja wa hapa, mtu mwema, alitualika Jumamosi. Alisema, "Tuvuke ziwa tukanywe kahawa kisiwani." Unajua kwetu mtu akikualika kahawa maana yake nini: kuna nyumba, kuna mwenye nyumba, na huendi mikono mitupu. Basi tukavaa suti. Nikabeba na ile kahawa aliyonifungia mama kutoka kwetu milimani Ntobeye, nimpe mwenye kisiwa.

Mwalimu alitazama viatu vyetu, akatuvalisha makoti ya kuelea. Chombo chenyewe kinaitwa kayaki. Ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, yameachwa matundu mawili tu. Unaingiza miguu kama unavaa suruali, na kasia lina bapa huku na huku. Anayekaa mbele hamwoni wa nyuma, na onyo ni moja: usigeuke, kitapinduka.

"Maji mnayajua?" mwalimu akauliza.

"Mimi ni mtu wa ziwa," akajibu mumeo. "Kwetu Biharamulo, Ziwa Viktoria lile pale."

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Shemeji, kutoka Bisibo mpaka hilo ziwa si unapanda basi?"

"Shikamoo shemeji," akasema, "lakini nyie watu wa milimani kaeni mbele mtulie. Kazi tuachieni wenyewe."

Mtu wa ziwa akatuingiza kwenye matete mara mbili. Huu ni wakati ambapo miti ya huku inamwaga majani yote kwa pamoja, si kwa ukame bali kwa baridi. Jua lipo, ila halina kazi. Tulipofika nikajipangusa, nikashika kahawa yangu, nikauliza, "Mwenyeji yuko wapi?" Hapakuwa na nyumba, hata ya mbuzi. Mwalimu alitoa chupa ya chai yenye kahawa, tukanywa tumekaa juu ya jiwe, kisha akasema turudi. Nikampa yeye zawadi ya mama. Koleta, nimesoma vitabu vingi, lakini sijaona palipoelezwa kwa nini mtu avuke maji asimwone mtu.

Katika kurudi, mwalimu akiwa ametutangulia kwenye kayaki yake, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Shemeji, chuo wananiongezea mwaka. Nataka kukubali."

"Koleta umemwambia?"

"Nitamwambia. Nyumbani kuna vita, shemeji. Mtu mwenye akili anaingia kwenye nyumba inayoungua?"

"Na waliomo ndani?"

Akaendelea kupiga kasia. Alikuwa amechagua mahali pazuri, maana katika chombo kile nisingeweza kumtazama usoni, wala kuinuka niondoke. Lakini mimi nikiuliza habari za mdogo wangu sijibiwi kwa kasia. Nikageuka.

Tukapinduka. Makoti ya kuelea yalitushika, baridi ikanikata pumzi, na mtu wa ziwa alikuwa anapiga kelele, "Koleta! Koleta, nakufa!" kana kwamba uko ng'ambo unamenya ndizi. Mwalimu alirudi, akatwambia tushike mkia wa kayaki yake, akatukokota hadi ukingoni.

Tukiota moto nikamuuliza, "Majini ulikuwa unamwita nani?"

"Ah, shemeji, mazoea tu."

Jumapili alikuwa amekauka. Nikamkuta anawasimulia wenzetu jinsi alivyoniokoa mimi.

Sasa jibu lako. Anataka kubaki, lakini bado hajawajibu chuo. Amepewa hadi Krismasi. Mimi narudi mwanzo wa mwaka, vita iwepo isiwepo. Usimbembeleze. Mwandikie mambo yalivyo: nani anakushikia jembe kwenye shamba la ujamaa, watoto wanauliza nini. Kama unamtaka, sema wazi, tena upesi. Akipanda ndege nami, vizuri. Asipopanda, nitapita Bisibo kabla ya kufika kwetu, nikae na baba mkwe wako, tuamue wewe na watoto mtaishi wapi. Hutaamuliwa na mtu aliyeko ng'ambo.

Nisalimie baba mkwe, katekista wenu, balozi wa nyumba kumi, na binti yako mkubwa. Mwambie mjomba anataka kusikia amepita darasa.

Mumeo ameniona naandika. Ameomba niongeze hapa chini kwamba anakusalimu sana. Nimekataa. Salamu zake azilete mwenyewe.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Kaka yako Anatoli