Nyonga Iliyorudi Hospitali Bila Wewe

Wilfred Entwistle, mwaka umepita tangu utuache hapa Leigh, na mimi mkeo Nellie sijalia hata mara moja. Haya, nimelia. Lakini nililia kwa hasira, na hicho si kilio cha kuhesabiwa.

Ulikuwa mpole. Kiwandani wafumaji wa pamba walikupenda, na nyumbani hukupandisha sauti kamwe. Kelele zako zote zilitoka kwenye nyonga. Ile ya kwanza ya bandia uliyowekewa, tufe la plastiki lililosugua mfupa mtupu, ililia kama bawaba kavu kila ulipoinama kuchukua chumvi. Nikahamia jikoni kula. Lakini angalau nilijua ulipo.

Kisha daktari mpasuaji mmoja akasema ubaya wote ni msuguano: tufe liwe dogo, la chuma, na likae ndani ya kikombe kinene kinachoteleza. Ulinieleza mezani kwa kitunguu kidogo cha siki ndani ya kikombe cha kuwekea yai la kuchemsha. "Ona, Nell, kinazunguka bila kulalamika. Jifunze."

Kikombe cheupe alichokuwekea kiliteleza kama sabuni, kikaisha kama sabuni. Hata miaka mitatu hakikufikisha, ukarudi kulala ukiuma mto.

Wakakutilia kingine, cha plastiki ngumu zaidi, ukaahidi kwamba ukifa watakichukua wapime kimelika kiasi gani. Ukaja nyumbani na amri. "Daktari kasema niitunze nyonga. Dansi basi, Nell. Na makaa ya mawe siwezi kubeba."

Nikabeba makaa mimi. Kila likizo ya kiwanda, kule pwani Blackpool, niliketi ukingoni mwa ukumbi wa dansi, mkoba magotini, nikitazama wake za watu wakizungushwa. Mimi, niliyependa dansi kuliko chakula! Viatu vyangu vya kuchezea nikampa binti yetu Maureen. Nawe kila Jumamosi ulikwenda kwa dada yako Hilda, kupumzisha mguu. Nyonga ilikuwa kimya sasa. Nani angeisikia inaelekea wapi?

Mwezi uliopita Maureen alinipeleka hospitali kusikia majibu ya vipimo. Daktari mmoja kijana alikiinua kikombe cha nyonga yako kwenye mwanga wa dirisha.

"Bi. Entwistle, mumeo alikuwa mchezaji dansi?"

"Alikuwa mkaaji, mwanangu. Kazi yake ilikuwa kukaa."

"Nimeona vikombe vya watu wa kukaa. Haviliki hivi."

Maureen alinishika mkono. Tulipofika nyumbani nikayasema yote kwa picha yako.

Hatutakusahau, Wilfred, hata tukitaka: mimi Nellie, mwanao Maureen, na dada yako Hilda, aliyekuja jana tuandike tangazo hili la kumbukumbu la gazetini. Nilimmiminia chai, nikamuuliza kwa upole.

"Wifi, Jumamosi zile alikuwa kwako kweli?"

"Pale pale karibu na moto, mguu juu ya kigoda. Hata chai nilimpelekea mkononi."

"Maskini. Afadhali alikaa. Dansi hakuijua yule, alikuwa akikanyaga watu tu."

"Nani, Wilfred?" Hilda akaweka kikombe chini. "Kwa mguu ule mpya? Ukumbi mzima ulikuwa unampisha!"