Neno "Shika" Katikati ya Kona

Dada mpendwa,

Miwani uliyonitumia imenifaa, na mkono wa binti yako unaunga vizuri. Nakusihi usimkataze pikipiki. Amekuambia alikosea kona; ananisitiri tu. Alipunguza mwendo mapema, breki zote mbili, taratibu, akaziachia ndipo akailaza pikipiki upande kuifuata kona. Mimi nyuma yake nikaingiwa na hofu, nikapiga kelele, "Shika!" Akabana breki katikati ya kona, gurudumu likateleza, tukaanguka.

"Kwa nini ulinitii?" nilimuuliza.

"Si wewe, mjomba, uliyenifundisha huku ugenini kwamba mkubwa habishiwi?" Kisha akacheka. "Nikipona utapanda tena, ila mdomo wako nao tuutie breki."

Sikuweza kumtazama.

Ndimi kaka yako, niliyeinuka pale bila hata mchubuko.