Siku Shangazi Huhana Alipotaja Uzito Wake Mahakamani

Nyumbani kwa Bibi Mereana,
Omaruiti,
Pwani ya Mashariki,
Nyuzilandi.

Jumapili, 11 Agosti 2019

Mpendwa Baba Mdogo Tamati,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe, Mama Mdogo Sherryn na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Perth. Mgongo wako unaendeleaje tangu walipokuhamishia kwenye mitambo mikubwa ya mgodini? Bibi anasema usijifanye kijana. Ameniagiza niandike hivyo hivyo, nami nimeandika.

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali na mvua haikatiki, lakini paa halivuji. Bibi bado anakwenda hospitali mjini kusafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Akitoka huwa amechoka, ila kesho yake utamsikia akigombana na redio. Mimi ndiye ninayempeleka, kama ulivyoniomba ulipoondoka. Kazi yangu ya ukarani halmashauri bado ninayo. Wameniruhusu kufidia saa zangu jioni.

Najua umesikia kwa watu kwamba nilishtakiwa. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu ya woga, nakiri. Sikutaka usome habari ambayo haijaisha, ukae huko ukihesabu siku pamoja nami. Sasa imeisha, kwa hiyo nitakueleza tangu mwanzo, taratibu, bila kuruka kitu.

Ilikuwa mwezi Mei, asubuhi ya mazishi ya Babu Paora. Wageni waliokuwa wamelala maraeni, kwenye ukumbi wa ukoo wetu, walipita mia mbili, na wengine walikuwa njiani. Rawiri na vijana wenzake watatu walitoka na mashua alfajiri kutafuta kome wa karamu ya baada ya kuzika. Unawajua hao. Hakuna aliyekuwa tayari kurudi na magunia machache siku ya Babu Paora, basi walijaza mpaka mashua ikakaa chini majini kama bata aliyeshiba. Shangazi Huhana nami tuliwafuata ufukweni na pikapu yake na tela.

Maji yalikuwa yamekupwa. Unaukumbuka ule mteremko wa saruji wa kutolea mashua, jinsi sehemu yake ya chini inavyoota utando wa kijani. Mashua ilipanda juu ya tela vizuri, lakini pikapu ilipotaka kuvuta, magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale bila gari kusogea. Tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Wazito wakapanda nyuma ya pikapu ili kuyakandamiza magurudumu, na mwepesi kuliko wote akashika usukani. Mwepesi kuliko wote ni mimi.

Shangazi alikaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu yenyewe, akawa anahesabu kwa sauti. Kila akifika tatu, wote watano wanaruka na kutua kwa pamoja, nami nakanyaga mafuta. Rawiri alikuwa anapiga ubavu wa gari kwa kiganja, anapaza sauti, "Kanyaga, karani! Kanyaga! Unafikiri hilo ni faili?" Wote wakacheka. Tulikuwa tumelia siku tatu, Baba Mdogo, na kicheko kilitutoka chenyewe. Tairi zilipopita utando na kushika saruji kavu zikatoa moshi mzito, kisha pikapu ikapanda.

Juu barabarani alikuwa amesimama Konstebo Hollis, ambaye alihamia kwetu kutoka Auckland mwezi wa Aprili. Alikuwa ameturekodi kwa simu yake. Si mtu mbaya, na hata siku ile hakunipandishia sauti. Alisema ameona gari likizungusha magurudumu kwa muda mrefu, moshi, na kundi la watu likishangilia. Akaniandikia shtaka la kuchezea gari kwa kuzungusha magurudumu, na kuichukua pikapu kwa siku ishirini na nane. Kome walifika kwenye karamu ndani ya magari ya wageni, gunia hapa, gunia pale.

Nilipofika nyumbani nikaisoma sheria. Anayepatikana na hatia ananyang'anywa leseni kwa miezi sita au zaidi. Miezi sita! Kutoka hapa hadi hospitali ni kilomita tisini, na basi la kwenda huko hatuna. Rawiri analala kambini kwa wakata miti wiki nzima, na macho ya Shangazi hayamruhusu kuendesha safari ndefu. Nilipiga hesabu ya safari za Bibi katika miezi hiyo, nikapata sabini na nane. Niliiandika namba hiyo kwenye karatasi, kisha nikaikunja nisiione.

Wakili wa zamu pale mahakamani alinisikiliza dakika kumi, akanishauri nikiri kosa niokoe muda. Nilimuuliza kama kukiri kutaniokolea leseni. Akasema hapana. Basi nikamshukuru na kuandika kwamba nakana shtaka.

Kesi ilisikilizwa Jumatano iliyopita. Nilikuwa na karatasi kumi na moja za maelezo, zimepangwa kwa namba. Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele na blanketi lake magotini. Sajenti aliyeendesha mashtaka akamwita Konstebo Hollis, kisha wakaonyesha ile video.

Ilikuwa mbaya, Baba Mdogo. Ukiwa ndani ya gari hujui linavyoonekana kutoka nje. Moshi unapanda, watu wanaruka, sauti ya Rawiri inasema "Kanyaga, karani!" kwa uwazi kabisa, na mashua inayumba nyuma kama mkia. Nilijitazama nikaona mtu mwenye hatia. Jaji aliponiuliza kama nina maswali kwa shahidi, karatasi zangu zote zilinianguka na mpangilio wa namba ukapotea.

Nikauliza swali lililonijia kwanza. "Konstebo, umewahi kuvuta mashua pale?"

"Hapana. Sina mashua."

Watu wa nyuma wakacheka. Jaji akawatazama, wakanyamaza.

"Kama tulikuwa tunacheza," nikasema, "kwa nini usukani ulikuwa kwangu? Rawiri ndiye anayejua kuchezea magari. Kila mtu anamjua."

"Sijui," akajibu. "Labda ilikuwa zamu yako."

Video ilikuwa imesimamishwa kwenye skrini. Niliitazama kwa sababu niliogopa kumtazama jaji, na hapo ndipo nikaona kitu ambacho hakikuwemo katika karatasi zangu zote kumi na moja. Wale watu watano walikuwa wamekaa kwa mpangilio. Mwembamba yuko karibu na kioo, anayefuata nyuma yake, Rawiri nyuma ya hao, na kadhalika hadi Shangazi mwishoni kabisa. Walikuwa wamepangwa kwa uzito. Wanaosherehekea hawakai hivyo. Hukaa hivyo watu wanaojua mzigo uwekwe wapi.

Nikamwita Rawiri. Alitaja kilo zake, tisini na mbili, kama mtu anayetaja medali. Akaeleza kwamba pale mwisho pa gari ndipo pa mzito kuliko wote, na kwamba tangu utoto wetu tumepangwa hivyo. Sajenti akasimama.

"Haya ni maneno tu," akasema. "Shahidi ni binamu yake. Mtu anaweza kukaa popote apendapo, na huyo mama wa mwisho huenda alipenda upepo."

Nikajua nani lazima nimwite, na swali gani lazima nimuulize.

Wewe unamjua dada yako kuliko mimi. Unajua kwamba mizani ya zahanati hajawahi kuikanyaga. Unajua alivyokwenda harusini Wellington kwa basi kutoka mjini mwaka ule, akikaa muda wa saa tisa barabarani, kwa sababu kwenye ndege ndogo walimuuliza ana kilo ngapi, na alivyorarua tiketi mbele yao. Katika nyumba yetu mambo mengi yanasemwa, lakini hilo halisemwi. Nami, mtoto niliyelelewa na mkono wake, ilinibidi nimuulize mbele ya jaji, polisi wawili, mwandishi wa gazeti la wilaya na nusu ya ukoo.

Alipanda kizimbani na kofia yake ya kanisani, akaapa. Nilianza kuzigeuza karatasi zangu moja moja bila kumtazama.

"Uliza, mwanangu," akasema. "Sikuja hapa kupumzika."

"Shangazi," nikasema. Jaji akanirekebisha kwamba niseme shahidi. "Shahidi, siku ile ulikaa wapi?"

"Mwisho kabisa. Juu ya magurudumu."

"Kwa nini hapo?"

"Kwa sababu ndipo panapotakiwa uzito."

"Na wewe..." Nikakwama. "Na wewe, shahidi, una uzito gani?"

Rawiri akatazama viatu vyake. Shangazi alinyoosha mgongo, akamgeukia jaji, si mimi, akautaja. Alitaja kilo zote, hadi nusu kilo ya mwisho. Alikuwa amejipima asubuhi ileile, kwenye mizani ya duka la pembejeo, ile ya kupimia magunia, kwa sababu alijua nitamuuliza na alijua kwamba mimi hupenda namba kamili. Mwandishi wa gazeti aliinua kalamu. Shangazi akamtazama, naye akaishusha.

Sajenti hakumwachia. "Lakini mama, kwenye video unacheka. Unahesabu kwa kelele. Huwezi kusema hukuwa unafurahia."

"Sajenti," Shangazi akasema, "baba yangu mkubwa alikuwa ndani ya jeneza akingoja kuzikwa saa tano. Watu mia mbili walikuwa wanangoja kula. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Nilikuwa na miaka sitini na tatu, nimekaa kwenye bati la baridi, naruka kama mtoto. Sikuwa nafurahia. Nilikuwa uzito. Ndiyo kazi niliyopewa asubuhi ile, na niliifanya vizuri. Kwani gari halikupanda?"

Jaji akaomba video irudiwe bila sauti. Akaitazama mara mbili, na mara ya pili akawa anahesabu waliokaa kwa ncha ya kalamu yake. Kisha akasema magurudumu yalizunguka, hilo halina ubishi, na kwa muda mrefu. Lakini sheria inamwadhibu anayefanya hivyo bila sababu ya maana, na yeye ameiona sababu, imekaa kwa mpangilio kutoka mwepesi hadi mzito. Akaongeza kwamba angependa siku nyingine tupunguze magunia. Shtaka likafutwa. Leseni yangu ninayo.

Sikulia hapo. Nilizikusanya karatasi zangu, nikazipanga upya kwa namba, ndipo nikalia.

Nje, Konstebo Hollis alitufuata hadi kwenye ngazi. Alivua kofia, akasema aliandika alichokiona. Shangazi akamtazama kuanzia juu mpaka chini, pole pole, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Una kilo ngapi, kijana?"

"Themanini na nne, mama."

"Jumamosi mashua inatoka. Njoo. Utakaa katikati."

Na jana alikuja, alfajiri, kabla sijampeleka Bibi hospitali. Alikaa katikati. Aliruka kwa kuchelewa, akagombezwa na kila mtu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa amesoma habari gazetini. Nilidhani ataniita anikaripie, lakini alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, akaniambia karani aliyekwenda mahakamani peke yake hawezi tena kuogopa kupokea simu za wananchi. Bado naziogopa. Ila Ijumaa nzima nilizipokea kabla hazijalia mara tatu.

Baba Mdogo, watu huku wananisifu kwamba nimeshinda kesi. Mimi nataka wewe ujue nani alishinda. Nilichofanya mimi ni kuuliza. Dada yako ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kufika mlangoni, jambo ambalo hajawahi kumwambia daktari wala mumewe, ili mama yenu aendelee kufika hospitali. Nilikuwa najivunia ukoo wetu kwa sababu nilifundishwa kujivunia. Jumatano nilijivunia kwa sababu niliona.

Tukiwa garini kurudi, alituambia namba ile imebaki ndani ya chumba kile, na asiyetaka kugombana naye aiache humo. Waliokuwepo wote wameiacha, hata Rawiri. Gazeti nalo liliandika tu kwamba shahidi alieleza uzito wake. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo ilimpita. Alhamisi, njiani kwenda hospitali, alinibembeleza kilomita zote tisini nimtajie, akaniahidi hata pete yake. Sikumtajia. Nawe usinipigie simu kuniuliza, kwa sababu jibu litakuwa lilelile.

Nisalimie sana Mama Mdogo Sherryn, na Tane na Maia. Waambie tunawangoja Krismasi. Rawiri anakusalimu na kusema kuna nafasi nyuma ya pikapu, uje na mgongo wako kama ulivyo. Bibi anakubusu shavu la kulia na la kushoto. Shangazi Huhana hakutuma salamu, amesema atakupigia mwenyewe. Mpokee vizuri.

Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, akurudishe kwetu mzima.

Mimi, mwanao anayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Ripeka