Daktari Anasema Dozi Imekwisha

Newala,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Mama Neema,

Shikamoo. Najua umenikasirikia, na una haki. Barua zako mbili ninazo, nimezisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika, na kile kitenge ulichotuma kwa ajili ya mtoto kilifika salama. Sikujibu kwa sababu nilikuwa naona haya. Kwanza niambie, mgongo wako unaendeleaje? Shemeji amepumzika na kile kikohozi? Na baba, bado anang'ang'ania kupanda mlima kwenda kwenye migomba yake peke yake? Mimi mzima kiasi cha kuingia darasani na kutoka. Mengine utayasoma humu, na ukianza kusoma kaa chini, tena usisome kwa sauti majirani wakiwepo.

Dada, yule mtoto uliyemtumia kitenge hakufa. Najua Lukasi alimwandikia baba kwamba mimba iliharibika. Aliandika hivyo kunisitiri, mume wangu ni mtu mwema. Mimba haikuharibika. Haikuwapo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nimechoka kuficha. Mwaka ule wa kwanza baada ya harusi nilianza kuchoka uchovu ambao sijawahi kuuona, hata enzi zile tukibeba kuni kutoka msituni. Nalala usiku kucha, naamka nimechoka. Baridi nayo! Newala kuna upepo, sikatai, lakini huku si Lushoto, watu wanatembea kifua wazi na mimi nimejifunika sweta mbili mchana. Nikawa nanenepa bila kula. Nywele zinabaki kwenye kitana. Damu ya mwezi ikapotea miezi mitatu, ikarudi, ikapotea tena. Na sauti yangu ikakwama, ikawa nzito kama ya mzee. Mimi, dada, ambaye mlikuwa mkinifukuza jikoni kwa kusema sana! Siku moja nilisinzia nimesimama, chaki mkononi, darasa la sita wananitazama. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu Tumaini, naona ndoa imekulevya." Nilikuwa na jibu lake, tena la kumkata maini, lakini lilifika kinywani yeye ameshaondoka.

Nikaenda zahanati. Siku hizi tangu waruhusu watu binafsi, kuna moja pale karibu na soko, imepakwa rangi vizuri, ina feni na kalenda. Daktari wa pale hana maneno mengi. Anatoboa kidole, anaingia chumba cha nyuma, anatoka: "Malaria." Nikameza klorokwini mpaka masikio yakalia. Nikarudi. "Malaria sugu." Nikachomwa sindano. Nikarudi mara ya tatu nikamwambia, daktari, mimi sina homa, nina baridi tu, na sauti hii si yangu. Akacheka. "Sauti ni salfa, mwalimu. Si unaona watu wanapulizia mikorosho?" Kweli ulikuwa msimu wa salfa, kijiji kizima kinakohoa. Lakini salfa ndiyo inanyonyoa nywele? Salfa ndiyo inaninenepesha? Nilimuuliza hivyo hivyo, akasema nina mawazo, nipunguze chai.

Nikahamia kliniki ya akina mama, nikasema labda huko kuna mwanamke mwenzangu atanisikia. Muuguzi akaniuliza nimekosa siku zangu tangu lini. Nikamwambia miezi minne. Akanibonyeza tumbo, akainama na ile koni yao ya mbao ya kusikilizia, akanyanyuka anatabasamu. "Hongera, mwalimu. Bado mdogo, lakini yupo." Hakupima chochote. Akaniandikia kadi, akanipa vidonge vya kuongeza damu. Na mimi nikaamini, dada. Nani asingeamini? Nilitoka pale nikasahau hata baridi, nikakuandikia siku ile ile.

Sasa mama mkwe wangu, unajua, ni Myao wa Chiwata. Kwao mwanamke akibeba mimba ya kwanza anachezewa ngoma, inaitwa litiwo, na kwa kawaida ni watu wa upande wa mwanamke wanaosimamia. Mama mkwe akasema, "Kwenu mbali, mwanangu. Mimi nitasimama badala ya mama yako." Nililia kwa furaha. Wakaja shangazi zake, akaja somo wa kunifunda, ikapikwa pombe na ubwabwa. Ya ndani siyaandiki, niliapishwa. Ila nywele walininyoa, hizo chache zilizokuwa zimebaki, na bibi mmoja akapitisha kiganja kichwani akauliza, "Huyu nani amemnyoa kabla yetu?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Tangu siku ile bombani sikuwa Mwalimu tena. Nikawa Mama Kijacho. Wanawake wananipisha foleni ya maji.

Tumbo halikukua. Miezi ikaenda, uso ndio unavimba, tumbo liko pale pale. Kisha damu ikaja, nzito, siku tisa. Kliniki wakasema imeharibika. Ni Lukasi aliyeazima baiskeli na kwenda kuuliza watu, akaambiwa kuna daktari mama kwenye hospitali moja huko bondeni, nje kabisa ya Masasi, jina lake silitaji. Tulishuka kwa lori la mihogo.

Huyo daktari ni Mpare, jirani zetu kabisa. Nilipomsalimu tu akaweka kalamu chini. "Sauti yako ilikuwa hivi tangu zamani?" Dada, mwaka mzima na zaidi, ndiye wa kwanza kuuliza. Akashika ngozi ya mkono, akatazama nyusi zangu, akanipigisha magoti kwenye kiti akanigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo. Mguu uliruka vizuri, kisha ukarudi polepole, mpaka nikaona aibu kwa mguu wangu mwenyewe. Akasema, "Wewe hukuwa na mimba. Tezi ya shingo yako imelala." Damu ikapelekwa Dar, majibu yakachukua mwezi na nusu, yakarudi yanasema vile vile. Akanipa vidonge vidogo vyeupe vya miezi miwili, kila asubuhi kimoja kabla ya kula. Akaniambia mambo mawili, na nitayasema kwa maneno yake. La kwanza: "Hivi ni vya maisha. Vikikaribia kwisha unarudi." La pili: "Sasa utaweza kushika mimba ya kweli. Ukishika, usikose hata siku moja, tena huenda tukaongeza. Mtoto anategemea dawa hii kutengeneza ubongo wake." Akayaandika yote kwenye daftari langu la hospitali.

Miezi miwili ile, jamani, nilirudi kuwa mimi. Nilivua sweta. Niligombana na mwalimu mkuu mbele ya ofisi nzima, tena nikashinda, Lukasi akanunua soda. Siku zangu zikarudi sawasawa. Vidonge vilipobaki vinne nikashuka tena bondeni.

Na hapa kosa ni langu, nisimsingizie mtu. Ile hali ya kusahau ilikuwa bado haijaisha yote. Unajua huku kila mgonjwa anakwenda na daftari lake mwenyewe, la kawaida, kama la shule. Langu nilikuwa nimeliweka mezani pamoja na madaftari ya darasa la sita niliyokuwa nasahihisha. Nimefika hospitali, nimekaa foleni tangu alfajiri, naingia, nampa daktari daftari, analifungua: Sayansi Kimu, mchoro wa mbuzi wa kukunia nazi. La kwangu nilikuwa nimewagawia watoto. Tumelitafuta nyumba kwa nyumba mpaka leo hatujaliona, na kwa watu wanavyofungia karanga kwa karatasi za madaftari, mimi nimekata tamaa.

Yule mama Mpare hakuwepo. Amekwenda masomoni, Moshi. Aliyekalia kiti chake ni kijana, mpole, anapiga miayo. Akamcheka yule mbuzi kwanza, halafu akaniuliza:

"Ulipewa dawa za muda gani?"

"Miezi miwili."

"Ulimeza zote?"

"Vimebaki vinne."

"Basi meza hivyo vinne utakuwa umemaliza dozi. Hongera, wengi hawamalizi."

Nikamwambia niliambiwa ni vya maisha. Akaniangalia vile mimi ninavyomwangalia mtoto aliyesema saba mara nane ni arobaini. "Mwalimu, hata kifua kikuu kina mwisho wake." Nikamwambia pimeni damu tena. Akasema vipimo vile si vya kila mtu, halafu mimi naonekana mzima. Akanishika shingo. "Tezi iko wapi? Mbona haijavimba?" Nikasema haikuvimba, imelala. Akaandika kwenye karatasi: wasiwasi. Nililiona neno, dada, mimi nasoma mwandiko wa kichwa chini kila siku ya Mungu.

Nimezunguka maduka yote ya dawa, Masasi na hapa. Siku hizi madukani hakuna kisichokuwepo. Kuna sabuni za Dubai, redio za betri nne, mitumba ya makoti ya watu wa barafu, na msimu wa korosho wanunuzi wanagombana njiani nani apakie kwanza. Kidonge changu hakuna. Wananiuliza, "Ni cha nini?" Nikisema tezi, wananionyesha chumvi yenye madini joto. Nilivimeza vile vinne kwa kukata nusu nusu. Huu ni mwezi wa tano tangu viishe, na mwezi wa tano sijaona siku zangu.

Umeelewa ninachokuambia? Baridi imerudi, sauti imerudi kwenye koo, na kila mtu anasema ni ule ugonjwa wake. Safari hii tumbo linakua. Nilikwenda kliniki kwa muuguzi yule yule. Hakunigusa. Alisema, "Mwalimu, si ulishachezewa ngoma wewe? Mtoto yuko wapi?" Na wenzake wakacheka nyuma ya pazia. Mimba ya uongo waliiona kwa macho, ya kweli hawataki hata kuipima. Mama mkwe tangu yale mambo hanisemi vibaya, lakini hanitazami chini ya shingo, aibu ilimkuta mbele ya ndugu zake wote. Lukasi peke yake ndiye ninayemwambia, na yeye ananiambia tusubiri. Tusubiri nini? Mimi nafundisha, dada. Nina mtoto darasani ambaye kila siku naanza naye herufi ile ile, mama yake ananiuliza kwa upole kama kuna mabadiliko. Namjibu kwa upole. Halafu nakumbuka maneno ya daktari kuhusu ubongo, na natamani kupiga mayowe, na hata mayowe hayatoki.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Ndani ya bahasha nimeweka kipande cha boksi la vidonge, jina limeandikwa. Nenda Moshi. Kutoka Mombo ni basi moja. Muulizie yule daktari Mpare aliyetoka kufanya kazi kusini kwenda kusoma, mwanamke, mrefu, ana mwanya, vijana wa masomoni watamjua. Usimweleze mengi, mwambie yule mwalimu wa Newala ameshika mimba na hana dawa. Atakuelewa. Vidonge usivitume kwa posta, mvua zimeanza na mabasi yanalala Rufiji siku tatu nne. Mpe mtu utakayemwona kwa macho, au njoo mwenyewe.

Mwambie baba shikamoo yangu, na asiambiwe mambo ya tezi, mwambie mwanao ana mafua. Msalimie shemeji, na mama mdogo anayeuza mboga, na mjukuu wako ambaye nasikia ameshaota meno. Yule binamu aliyenicheka kwa kuolewa mbali, msalimie pia, leo sina nguvu za kugombana naye.

Nilikuwa nimefika hapa natafuta gundi ya bahasha, mama mkwe akaingia na uji. Mimi nimeegemea ukuta, na mtoto akacheza. Ameanza tangu juzi, lakini leo alipiga kweli, nguo ikatikisika. Mama mkwe aliona. Akatua bakuli, akaja akaweka kiganja, hakukiondoa mpaka mtoto akapiga tena.

"Huyu ni mtu," akasema. Halafu akaniuliza nilikuwa naandika nini, nikamsomea ukurasa wa mwisho. Akavuta kiti akakaa.

"Futa hapo uliposema njoo mwenyewe au mpe mtu," akaniambia. "Andika aje. Mwambie mama mkwe wako anampigia magoti, aje."

Sikufuta, dada, karatasi imekwisha. Lakini umesikia.

Mdogo wako,
Tumaini