Wavu Darini

Jumatatu, 17 Juni
Mafundi wameanza. Hatimaye! Dari letu, lililokaa bure juu ya vichwa vyetu miaka yote, litakuwa fleti ya Bryony. Binti yangu atajifungua Septemba, na mwenye nyumba wake anamtaka atoke kabla. Desmond, mume wangu, amekwisha chagua mahali pa kitanda cha mtoto. Vumbi hadi kwenye siagi.

Mchana fundi Pascoe aliniita juu. Kwenye kona, vigae vinapokutana na ukuta wa mawe, pana mwanya. Chini yake vinyesi vidogo vyeusi, kama mchele ulioungua. Popo. Akanieleza polepole: sheria inawalinda. Ukisema wapo, kazi inasimama hadi Oktoba. Kisha akajifuta mikono muda mrefu.

“Mimi sijaona kitu, mama. Wewe umeona?”

Nikalifikiria tumbo la Bryony.

“Sijaona.”

Akasema basi, jioni popo wakishatoka ataziba. Tukafagia. Mimi ndiye niliyeshika ufagio.

Jumanne, 18 Juni
Ameziba kwa wavu wa waya, na bodi juu yake. Kazi safi, huwezi kujua. Nimemshukuru kupita kiasi.

Jumatano, 19 Juni
Bi Loveday wa ghorofa ya chini kanikamata mlangoni. Aliletwa nyumba hii akiwa bibi arusi. Sasa mjane, magoti yamekwisha, lakini jioni haikosi kumkuta bustanini, anangoja popo watoke. Kumbe na alfajiri huamka kuwaona wakirudi. Leo, anasema, walizunguka kona ya paa, wakazunguka, mpaka kukapambazuka.

“Kama watu waliopoteza ufunguo, mwanangu.”

Akauliza kama mafundi wamegusa kitu. Nikasema nitawauliza. Nitawauliza! Na ulimi haukuniuma.

Alhamisi, 20 Juni
Pascoe hataki kufanya kazi upande ule. Kuna kelele nyuma ya mbao, anasema. Nilidhani panya. Nikaweka sikio. Milio — myembamba, mingi, ya kitu kichanga.

Waliotoka jioni ile walikuwa mama. Watoto tumewafungia ndani.

Nimemwambia Desmond. Akauliza: tukifungua watarudi wote, na Bryony aende wapi? Hakusema kwa ukali. Tukala viazi na samaki. Nilikula nikashiba. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 21 Juni
Milio imepungua.

Jumamosi, 22 Juni
Asubuhi nimepanda peke yangu na mtaimbo wa Pascoe. Bodi nikaivunja. Wavu nikaung'oa kwa koleo, kiganja kikachanika. Nyuma ya mbao — sitaandika yote. Walikuwa wamekumbatiana, hawana hata manyoya, kila mmoja hazidi njugu. Wamepoa. Mmoja tu alisogea.

Nilimshusha kwa Bi Loveday ndani ya soksi. Hakupiga kelele. Alipasha maziwa ya mbuzi, akachovya brashi ndogo ya rangi, akamlambisha tone kwa tone, huku machozi yakimshuka bila yeye kuyajali. Akawapigia watu wanaolinda popo. Kazi imesimama. Bryony, nilipomweleza, aliuliza tu, “Kwa hiyo nisifungashe, Mama?”

Bi Loveday ana hakika ni Pascoe.

“Mafundi hawa hawana huruma. Bahati wewe una masikio.”

Nikafungua mdomo. Nikasema ndiyo, bahati.

Jumapili, 23 Juni
Kachanga kameamka hai. Bi Loveday amekapa jina langu. Hester. Nimemwomba akatafutie lingine. Anadhani naona haya.

Mwanamke wa popo amefika. Yuko jikoni kwa Bi Loveday, madirisha yako wazi, nawasikia kutoka ngazini ninapoandika haya. Ana sauti ya upole. Anauliza nani aliziba, na nani alijua. Bi Loveday anamtaja Pascoe, jina lake lote, na kijiji anachotoka. Anasema jirani yake wa juu ni shahidi, mtu mwaminifu, atathibitisha.

Sasa anabisha kwenye nguzo ya ngazi kwa fimbo yake, maana hawezi kupanda.

“Hester, mwanangu, shuka. Njoo umwambie ulivyoona.”

Nimeitika. Naja, nimesema. Bado nimekaa —