Kuku wa Shangazi Kwenye Mbuga

Mama,

Mvua ya Kitale imelowesha hii kadi, lakini sisi tuko salama. Mpango wetu ulikuwa mzuri: wanyama hapa, jiji Nairobi, halafu bahari Mombasa. Kosa ni kwamba tulipitia kwa Shangazi kumsalimia. Alituchinjia kuku, tukala, na tulipoaga akatupa mwingine akiwa hai, amefungwa miguu. Unajua kukataa ni matusi.

Kwa geti la mbuga askari akasema, "Mnyama wa nyumbani haingii." Mkamwana wako Nekesa akamjibu, "Si basi umshike, bana, twende tuone swala wa kinamasi." Akamshika. Tulikaa kwa matope saa mbili bila kuona hata mkia. Kurudi, tukapata kuku ametaga ndani ya kofia ya askari, naye anasema kinachozaliwa ndani ya mbuga ni cha serikali. Kuku tumerudishiwa, yai limebaki.

Kesho tunaenda Nairobi, tukiwa watatu. Tunakukumbuka kila tukionja ugali usio wako. Tafadhali usimwambie Shangazi kuku anataga. Atatutumia jogoo.

Mwanao,
Wafula