Punje Tatu za Mto

Masanze, Alhamisi, 12 Septemba

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Nimerudi nyumbani na hasira ambayo sijui niitue wapi, ndiyo maana nafungua daftari hili kabla hata ya kula.

Asubuhi mtendaji wa kata aliniita ofisini nimsomee ripoti, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza na mimi nimemaliza kidato cha nne. Ni tathmini ya mazingira ya shamba la mkonge. Shamba lilikuwa la serikali, sasa limeuzwa kwa mwekezaji, naye anataka kuifufua korona, ule mtambo wa kusaga majani ya mkonge. Korona inakunywa maji mengi na kutoa maji machafu yanayonuka na kuwasha mwili. Yatamwagwa mtoni, juu ya mahali tunapochota.

Katikati ya ripoti kuna jedwali. Kushoto wameorodhesha udongo, hewa, ajira, mto. Juu wameorodhesha kazi za mtambo. Kila vinapokutana pana alama. Ajira imepata alama nzuri kuliko zote. Mto umeandikiwa athari ndogo, na sababu imeelezwa chini: wananchi wenyewe waliupa umuhimu wa mwisho.

Chini ya sababu hiyo kuna jina langu.

Nieleze ilivyokuwa, nisije nikajidanganya baadaye. Mwezi wa Juni alikuja mtaalamu mmoja wa tathmini hii, kijana mpole, aliyelala Mikumi akatufikia asubuhi na gari. Alitukusanya uwanja wa shule, akachora duara tano chini: zahanati, barabara, shule, soko, mto. Kila mtu akapewa punje tano za mahindi aziweke penye kitu anachokiona cha maana zaidi. Mimi nilikuwa katibu wa mkutano, kazi yangu kuhesabu na kutia saini. Alisema hii ndiyo njia ya kisasa ya kupata sauti ya wananchi.

Sasa hapa kwetu, mgeni akishuka kwenye gari na kuuliza kipi ni muhimu, watu wanajua la kufanya. Wanaomba. Ndivyo tulivyopata madawati. Kwa hiyo punje zilimiminika kwenye zahanati na barabara, na mto ukapata tatu.

Mtaalamu mwenyewe alishangaa, akauliza kama kweli mto hatuujali. Shangazi Tausi, dada wa marehemu baba, alimjibu bila kuinuka.

"Mto si tunao, mwanangu? Nitaombaje kitu nilicho nacho?"

Watu walicheka. Mtaalamu naye akacheka. Kisha akaandika tatu.

Hilo ndilo linaloniunguza. Jibu alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Ila hesabu ilikuwa na safu kwenye fomu yake, na jibu halikuwa na safu. Shangazi anamwagilia nyanya kwa maji hayo tangu sijazaliwa, na nyanya hizo ndizo zilizonisomesha. Angeambiwa kwamba mto unaweza kuchafuliwa, angeweka punje zote tano na kitenge chake juu yake.

Na mimi nikiri langu. Nilijua kabisa kwamba watu wanaomba. Sikusema, kwa sababu nami nilikuwa naomba. Punje zangu tano zote zilikwenda kwenye zahanati. Mke wangu alijifungulia njiani tukielekea hospitali ya Kilosa, na siku ile sikuwaza kingine.

Haya yote nilimweleza mtendaji. Aliifunika ripoti taratibu. "Namba ni zenu, katibu, na saini ni yako," akasema. Mwenye maoni ayafikishe wilayani kabla ya Jumatatu.

Nilipita kwa shangazi. Aliitikia shikamoo yangu huku mkono uko kwenye jembe, nikamsimulia mpaka mwisho. Aling'oa magugu mawili matatu.

"Madarasa yote yale, baba, ukashindwa kuandika sentensi yangu moja?"

Nilimwambia ipo, imo kwenye muhtasari wa mkutano, mimi huandika kila kitu. Nikaja nyumbani haraka kuitafuta.

Nimesoma ukurasa wa siku ile mara mbili. Duara zipo. Hesabu ipo, nimeipigia mstari kwa rula. Sentensi yake haimo.

Nami niliandika tatu.

Kumbe hasira yote niliyobeba tangu ofisini kwa mtendaji, nusu yake ilikuwa yangu.

Sasa nimeiandika, neno kwa neno, kwenye karatasi safi, na chini yake nimeeleza jinsi punje zilivyowekwa na kwa nini, zangu zikiwemo. Jua halijazama, nampelekea shangazi aweke dole gumba. Kesho asubuhi naipeleka wilayani Kilosa mwenyewe. Wakiniambia fomu yao haina safu ya kuiweka, rula ninayo.